Koti la Luteni Garstang

Jumatatu, 14 Oktoba 1912

Mtihani wa urubani ni Jumamosi. Nikipita, jeshi linanirudishia pauni sabini na tano nilizolipia mafunzo, na nahamia kikosi cha ndege. Nikifeli, pesa zimekwenda na maji, narudi kwa wapanda farasi, na farasi wangu nimeshamuuza kulipia mafunzo hayohayo. Lakini sifeli. Kilichobaki ni koti tu. Serikali inatoa ndege. Koti la ngozi, kofia na miwani kila ofisa ajinunulie. Mimi nina kofia na miwani. Sajenti Ockley, mwalimu wetu, kaniambia baridi ya huko juu haina utani, bila koti la maana hanipandishi. Luteni Garstang, jirani yangu wa chumba, analo zuri, manyoya ndani. Nimelijaribu alipokuwa anaoga. Kama fundi alinipima mimi.

Jumanne, 15

Nimepata! Ofisa akiacha kazi, vifaa vyake hunadiwa bwaloni baada ya chakula, na kwetu ni utovu wa adabu kumpandishia bei mwenzako. Mwaka jana nilipata buti kwa bei ya soksi. Basi Garstang aache kazi. Ni mtoto wa pekee, na mama yake mjane huogopa hata baiskeli. Nimemwandikia kirafiki kabisa: ndege ni mbao na kitambaa, injini huzimika hewani, aje ajionee mwenyewe. Kazi safi.

Alhamisi, 17

Mama mtu kaja kwa treni ya asubuhi. Injini ya Garstang ikakohoa juu ya miti, ikanyamaza, akatua kwenye shamba la kabichi. Mama mbio, sketi mkononi. Mimi nyuma, leso tayari. Akamkagua mwanawe mikono na miguu, kisha akamwambia Ockley sasa ni zamu yake yeye mama kuruka. Wakampandisha. Mara mbili! Kaniita mwanangu, kanishukuru kwa barua, anasema tangu afiwe hajacheka hivyo. Anafikiria kumnunulia mwanawe ndege. Nimekwenda kulala bila kula.

Ijumaa, 18

Garstang kabisha hodi, koti mkononi. Eti Ockley kamweleza sina koti, mbona sikumwambia mwenyewe, nilivae mimi kwanza kwenye mtihani, yeye atavaa baadaye. Hivi hivi tu, bure. Nani anatoa koti kama lile bure? Anataka anisimange maisha yangu yote. Nikamjibu ahsante, langu liko njiani. Akanitazama sana, akasema haya ndugu yangu, ukibadili mawazo mimi niko mlango wa pili. Nimechukua blanketi la farasi, nimetoboa matundu ya mikono, nimelishona mwenyewe. Linanuka kidogo.

Jumamosi, 19

Ockley kauliza kama naenda kurusha ndege au kulala zizini. Nikampuuza. Akashika kichwa, akasema angalau ni zito, akaniacha nipande. Nilipaa vizuri mno. Kwenye kona ya kwanza uzi ukafumuka, blanketi likanifunika uso. Nikatua salama ndani ya ua wa miiba. Nimefeli. Garstang kapita. Ndiye aliyenichomoa miiba, nusu saa nzima, wala hakucheka.

Jumatatu, 21

Kosa ni la blanketi. Garstang kaja tena. Kaniombea kwa mwamuzi wa mtihani: Jumatano narudia mtihani, bila kulipa, na koti lake nivae. Pauni zangu zote zinarudi, kikosi cha ndege kinanisubiri. Hapo ndipo nilipomgundua. Mtu hawi mwema mara tatu mfululizo bila kuwa na lake jambo. Nimemkatalia kwa heshima. Nimemuuzia meja mmoja upanga na tandiko langu, nikaagiza koti langu mwenyewe London. Fundi kajibu kwa telegramu kwamba litakuwa tayari Alhamisi. Mtihani ni Jumatano. Hakijaharibika kitu. Nimemwandikia mwamuzi, kwa jina la mkulima mwenye uzoefu wa hali ya hewa, kwamba Jumatano kutakuwa na dhoruba.