Pingamizi Dhidi ya Mchumba Asiyegusa Mpira

Muaither, Doha
6 Novemba 2009

Kwako Kaka Paul,

KUH: KUPINGA POSA YA BWANA ATHANAS KWA BINTI YETU NAFULA

Pokea heshima zangu. Uliniagiza kwa simu nimchunguze kijana anayetaka kumwoa Nafula, nithibitishe kazi yake, kisha nikupe neno langu, nalo ulisema litakuwa neno lako. Nimemchunguza kwa utaratibu ule ule ninaoandikia ripoti za matukio kwenye jengo ninalosimamia ulinzi, West Bay. Naomba posa ikataliwe kwa sababu zifuatazo.

1. Alisema ni kocha wa mpira chuoni. Nilikwenda nikakaa jukwaani tangu mchana hadi magharibi, na hakugusa mpira hata mara moja. Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja, kwa kocha mwingine. Huyu ni kocha wa viungo: huwanyanyulisha wanachuo vyuma, huwaamuru wachuchumae na mizigo mabegani, huwakimbiza, kisha huwauliza wamelala vipi. Mechi ilipoanza aliketi mwisho wa benchi, karibu na maji. Nilimuuliza hasa anafundisha nini. Akajibu, "Nawafundisha wasichoke, baba mdogo."

2. Aliniita baba mdogo kabla posa haijajibiwa. Hili nimeliandika peke yake lisije likapotea ndani ya mengine.

3. Historia yake ya kazi inatia shaka. Alikuja Doha mwaka 2003 kama mlinzi, akapangiwa mlango wa nyuma wa hoteli moja. Mlango ule una kivuli, una kiti, na hapiti mtu isipokuwa wapishi. Walinzi wanaugombea hadi leo. Yeye hakukikalia kile kiti. Alikuwa akikishika mguu mmoja na kukinyanyua juu ya kichwa, hadi wapishi wakawa wanatoka jikoni kutazama. Baadaye akaomba ahamishiwe gim ya hoteli kukunja taulo, akasomea cheti jioni, na mwaka 2007 chuo kikamwajiri. Kaka, mtu aliyepewa kiti kama kile akakiacha, anaweza kuacha chochote.

4. Matokeo yake hayaelezeki. Kabla hajafika, timu ilikuwa ikifungwa dakika za mwisho kwa kuchoka. Sasa inafungwa mapema, na inamaliza mechi ikiwa na nguvu zake zote. Nilipomgusia hilo hakuona haya. Alisema magoli ni idara ya wengine. Kwake yeye, msimu mzima hakuna mchezaji aliyechanika msuli. Maana yake ni kwamba sifa yake kubwa ni jambo ambalo halikutokea. Sijui utasimama vipi mbele ya wazee wa ukoo uwaeleze hilo.

5. Ni mtoto wa katekista, lakini Ramadhani hii alifunga. Wachezaji wake wengi ni Waislamu, mazoezi yalihamishiwa baada ya futari, naye akashinda na njaa mwezi mzima. Shahidi wangu ni Shabani, dereva kutoka Tanga ninayekaa naye nyumba moja, ambaye alinicheka wazi: "Mkwe wako kafunga kunishinda mimi, na thawabu hana." Nilimwita Athanas nikamuuliza kama amebadili dini. Alisema hapana, ila hawezi kumwambia mtu anyanyue chuma kwa njaa asiyoijua yeye mwenyewe. Jibu lenyewe sina malalamiko nalo. Nalalamika tu kwamba liliniacha bila swali la pili.

6. Siku tuliyomwita tumkague, alitukagua sisi. Ijumaa iliyopita tulimwalika rasmi: mimi, Shabani kwa kukosa mzee mwingine, na Nafula aliyeomba ruhusa kwenye hoteli anakofanya kazi. Desturi inajulikana. Mchumba huketi akaangalia sakafu, akajibu anachoulizwa. Huyu aliangalia ninavyoinuka kitini, akauliza ni tangu lini nainuka kwa kujisukuma na mikono. Kabla sijamjibu kwa ukali uliostahili, Shabani alikuwa ameshaegemeza mgongo ukutani, amechuchumaa, mapaja yanamtetemeka, eti naye apimwe. Nilijiunga naye kwa madhumuni ya uchunguzi tu. Tulipoketi kula, kijana alinyoosha mkono akakata ugali wangu, nusu akaihamishia sahani yake, na pengo akalijaza mboga za sukuma wiki. Tangu lini mkwe akampunguzia mzee ugali? Nilimtazama Nafula nikitegemea ataitetea nyumba yake. Alisema, "Baba mdogo, si ulitaka kuona kazi yake? Ndiyo hiyo."

7. Hili ndilo zito kuliko yote. Nilimweleza Nafula faragha kwamba huenda baba yake akakataa. Hakulia, hakubishana. Alisema akikataliwa atatii, ila asitafutiwe mwingine. Kisha akaosha vyombo vyote, vyetu na vya Shabani, akaenda kazini. Kwa uzoefu wangu, mtu anayesema hivyo kwa sauti ya kawaida habadiliki.

Kwa hiyo naomba ujibu hapana, angalau hadi kijana apate kazi inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja.

Msalimie shemeji Peninah, Loice na watoto wake, wanakwaya wote, na yeyote atakayeuliza kama bado nipo. Hapa joto limepungua na afya si mbaya.

Ndugu yako mdogo, akutiiye,

Khaemba

N.B. Nafula amepita kabla sijafunga bahasha, akauliza jambo moja tu: "Kwani umeona ni mtu mbaya?" Nimezipitia hoja zote saba nikitafuta mahali nilipoandika hivyo. Hapapo. Kwa kuwa ulinikabidhi neno lako, nimelitumia. Nimemwambia posa imekubaliwa, na Athanas ameshaarifiwa. Wanakuja kwako Aprili. Barua naituma ilivyo kwa sababu imeshaandikwa. Pia nimemtajia kijana ule mgongo wako. Aliuliza kama unauma ukiinama au ukiinuka. Tafadhali chunguza unijulishe upesi, maana ameshaniuliza mara ya pili.