Nilivyompa Kanali Bunduki kwa Mikono Miwili

Sikiliza rafiki yangu, na ukae vizuri, maana nina hasira na nataka nieleze kwa utaratibu. Leo nimeaibika mbele ya ujumbe mzima wa maafande, hapa hapa Brussels, na bunduki ilikuwa mikononi mwangu.

Kwanza ujue nilifikaje huko (mimi bila kuanzia mwanzo siwezi, watoto wangu wameshazoea). Wiki hii kuna maonyesho ya silaha mjini. Jirani yangu wa hapa mtaani Jette, Maman Odile wa Lubumbashi, anafanya usafi katika ukumbi huo. Juzi akanigongea mlango.

"Maman Neema, kule banatafuta muntu wa Kiswahili ya Tanzania. Bon, kazi ni kueleza tu. Na weye unapendaka kueleza, même kama muntu hakuuliza kitu."

Kampuni moja ilikuwa inawapokea maafande kutoka Afrika Mashariki, ikataka mkalimani. Leo ilikuwa majaribio. Wakiridhika, maonyesho yote yangekuwa yangu, na mengine yajayo. Niliitaka sana kazi hiyo. Mimi ni mwalimu, na tangu nije Ubelgiji ualimu wangu nimeutumia kulea watoto wa watu.

Usifikirie maonyesho ya Sabasaba ya kwetu. Hakuna muziki wala mishikaki. Bunduki zimepangwa ukutani kama viatu dukani, kila moja na taa yake. Asubuhi nikamuuliza Luc, muuzaji anayesimamia banda, kama kuna kanuni za kushika vitu hivyo.

"Mademoiselle," akajibu bila kunitazama, "kazi yako ni kuongea. Hutashika chochote."

(Huyo mademoiselle, yaani binti asiyeolewa, ana watoto watatu na mgongo unaouma.)

Maafande wakafika. Nikamwamkia kiongozi wao, Kanali mmoja mwenye upara unaong'aa na kofia kwapani, akafurahi kusikia lugha ya nyumbani. Nikaanza na darubini mpya ya kulengea: inaonaje gizani, inapimaje umbali, kwa nini kioo chake hakimetameti juani. Nikaenda polepole. Kila baada ya hatua nikauliza kama tuko pamoja.

"Mwalimu," Kanali akasema, "ukieleza hivi hata mama mkwe wangu atalenga shabaha."

Nikaona kazi nimeshaipata.

Hapo simu ya Luc ikalia. Alikuwa ameishika bunduki yenye darubini hiyo. Akanisukumia mikononi. "Mpe Kanali," akasema, akageuka kuongea na simu yake.

Sasa elewa kilichopita kichwani mwangu. Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja, hata kama ni kikombe cha maji. Unakishika kwa mikono miwili, unapiga goti kidogo, unainamisha macho. Nikafanya hivyo. Nikailaza bunduki kama sinia la pilau, nikageuka taratibu kumwelekea Kanali, nikapiga goti.

"Karibu, Afande."

Hakuna mkono uliokuja kupokea.

Nikainua macho. Maafande hawapo. Wakati nageuka, mtutu ulikuwa umepita mbele ya vifua vya wote, mmoja baada ya mwingine, na kidole changu (niseme ukweli) kilikuwa ndani kabisa, kwenye triga. Mmoja alikuwa chini ya meza ya vipeperushi. Mwingine amejibana nyuma ya mashine ya kahawa. Kanali alikuwa kifudifudi kwenye zulia, kofia kule, yeye huku. Watu wa banda la jirani walikuwa wanapiga picha. Na mimi bado nimepiga goti.

"Mama," Kanali akasema kutoka sakafuni, kwa upole kabisa, "iweke chini. Usinipe."

"Haina risasi, Afande."

"Nani amekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nikailaza juu ya zulia.

Luc akarudi, akacheka mpaka akashika tumbo. "Kwenu bunduki hupakuliwa kama chakula?" Alipoona Kanali hacheki, akageuza maneno. Eti mkalimani hakufuata maelekezo. Maelekezo yapi?

Kanali akainuka, akajikung'uta suruali. "Mwambie huyu bwana, neno kwa neno. Ukimpa mtu silaha bila kumfundisha, mjinga ni wewe."

Nikatafsiri neno kwa neno. Sehemu ya mjinga nikairudia, isije ikawa sikueleweka.

Maafande wakaondoka. Luc akanivua beji shingoni. "Kesho usije."

Nimerudi na tramu nimefura kama andazi. Goti langu silionei aibu, nililipiga kwa heshima, na nitalipiga tena. Hasira yangu ni kwa mtu anayeuza kitu cha kuulia watu, halafu hana hata dakika ya kueleza kinashikwaje. Mimi hata watoto wadogo ninaowalea nawaeleza mkasi kabla sijawapa.

Basi nikueleze mimi. Ukipewa bunduki, popote pale, hata ukiapiwa kwamba ni tupu: kidole kikae nje ya triga, mtutu uelekee pasipo na mtu, iweke mezani, kisha umwache mkubwa aichukue mwenyewe.