Hotuba ya Kufungua Kituo cha Maelewano ya Wake na Waume, Haukilampi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Haukilampi, ambaye ni mimi mwenyewe, Tauno Kärppä, waheshimiwa madiwani mliohudhuria na mliotoa udhuru, mchungaji wetu, mama zangu wa chama cha kufuma, wazee wangu wavuvi wa barafuni mliojibanza kwenye meza ya kahawa, mke wangu mpenzi Raili, ambaye pia ndiye karani wa halmashauri, unayenipungia mkono kwa bashasha, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Wanaume wanakohoa.)

Ndugu wananchi, wataalamu wa sekta ya mazungumzo, baada ya tathmini shirikishi na semina elekezi iliyogharimiwa kikamilifu, wamebaini kwamba mwanamke wa hapa akisema jambo moja huwa anamaanisha matatu, ilhali mwanamume akisema neno moja basi amemaliza maneno ya wiki nzima. (Akina mama wanacheka.) Asilimia tisini na sita ya magomvi ya nyumbani yanatokana na hilo, na asilimia nne iliyobaki inatokana na sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke.

Chukueni mfano wa Bwana Onni na Bibi Sirkka. Majira ya baridi yaliyopita Sirkka alisema, "Onni, humu ndani kuna baridi." Onni akajibu, "Ipo." Kesho yake, "Onni, upepo unapita chini ya mlango." Onni akasema, "Unapita." Sirkka akafunga mkoba, akasema anakwenda kwa dada yake mjini Kajaani na huenda asirudi. Onni akamwambia, "Barabara inateleza."

(Sauti ya mwanamke: "Ndiyo kuaga huko?" Sauti ya mwanamume: "Sasa aseme nini tena, mama?")

Tulieni! Onni hakupiga simu. Alikaa peke yake katika nyumba ile ya ubaridi, akala viazi bila kuvimenya, kisha akachonga mlango mpya, akaupaka rangi ya buluu aliyoipenda mkewe, akaupiga picha na kuituma bila neno hata moja. Sirkka akaitazama mpaka machozi yakamtoka. Akapiga simu: "Onni, ungeshindwa nini kuniambia umenikumbuka?" Onni akajibu, "Si nimekutumia mlango?" Sirkka akarudi na basi la asubuhi. (Kicheko kirefu. Baadhi ya akina mama wanafuta macho. Onni anatazama viatu vyake. Sirkka anamshika mkono.)

Mafanikio hayo, ndugu zangu, ni matunda ya ofisi yangu! (Onni: "Mlango nimechonga mwenyewe.") Asante, Bwana Onni, kwa kuthibitisha ushirikiano wetu.

(Raili: "Tauno, hebu shuka kidogo nikwambie.") Mnaona mke anavyomuunga mkono mumewe! Kwa hiyo Kituo hiki cha kisasa kitakuwa na Ukumbi wa Kusikiliza, Idara ya Ufafanuzi wa Miguno na mpango mkakati wa kuwafundisha wanaume neno "pole" kwa awamu. (Raili: "Baba Eeva, nisikilize!") Mimi binafsi nina kipaji cha kusikiliza; kwa miaka yote ya ndoa yangu sijalikosa neno hata moja. (Wanawake wanashangilia kwa kejeli.)

Haukilampi! (Wanawake: "Isikie!") Wanaume! (Kimya.) Asanteni kwa mwitikio mzuri. Mume akisikiliza, taifa linasonga!

Mwisho kabisa namshukuru mke wangu, aliyepanda jukwaani na kuninong'oneza kwamba bajeti ya Kituo ilikataliwa tangu theluji ilipoanza kuyeyuka. Kwamba alinieleza jikoni, nami, nikiwa nyuma ya gazeti, nikajibu, "Mmh, vizuri". Na kwamba nyuma ya utepe huu ninaotaka kuukata hakuna jengo, hakuna msingi, ni kiwanja cha theluji tu. Raili, mbona hukusema? (Wanawake wanapasuka kwa kicheko. Raili anashuka jukwaani bila kugeuka.) Raili? Mama Eeva? Kuna nini?

(Raili: "Hakuna kitu.")

Mmesikia wenyewe, ndugu wananchi: hakuna kitu. Karibuni kahawa.