Sauti ya Babu, Ubora wa Juu Kabisa

Jumatatu, 8 Juni 2026

Faili zimefika! Baba mdogo Gerson, aliye Dar, amepata mtu wa kuhamisha mkanda wa zamani wa kwaya kuwa faili za kompyuta, za ubora wa juu kabisa. Babu anaimba besi humo. Alifariki kabla sijaanza shule. Nimerithi jina lake, Shilinde, kwa hiyo Bibi Recheli huniita mume wangu. Ijumaa anarudi kwake Igalula kwa treni, na anataka aondoke na sauti ile kwenye redio yake ndogo ya kuchomeka flashi. Nimejitolea. Haya mambo nimeyasoma.

Jumanne, 9 Juni

Zablon kaja bila kuitwa. Tunasoma darasa moja, na likizo huwaingizia watu nyimbo kwenye simu pale stendi. Ati, mwanangu, redio ile haisomi faili nzito hivyo, ibane iwe ya kawaida. Kumbana Babu! Na kifua kile! Nikamjibu kwa upole kwamba wengine tunajali ubora. Akacheka mpaka akakalia gunia la karanga.

Siku nzima nimejaza maelezo ya kila wimbo: jina, mwaka, kwaya, mwimbaji. Programu ikataka picha. Nikaweka ya Babu na baiskeli yake. Safi mno! Bibi akachungulia, akauliza mumewe atatoka lini humo ndani.

Jumatano, 10 Juni

Redio kimya. Nimechomoa, nimechomeka, nimepuliza. Kimya. Bibi akasema hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anatania, lakini aliipakata ile redio na hakuniangalia. Roho imeniuma.

Alhamisi, 11 Juni

Nimebana. Kimyakimya, Zablon asijue. Kompyuta ya Baba ilinguruma kama mashine ya kusaga. Nisije nikasahau wimbo hata mmoja, nimeiamuru ipeleke kwenye flashi nyimbo zote za mwimbaji Shilinde. Mpango hauna dosari.

Ijumaa, 12 Juni

Kina mama wa kanisani walikuja kumuaga Bibi. Zablon naye, ati kubeba mizigo. Nikabonyeza. Babu akatoka! Besi nzito, chai ikasahaulika vikombeni. Bibi akafumba macho, akamfuatisha kwa sauti ndogo. Mama akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nikajiona profesa.

Ukafuata wimbo mwingine wa Shilinde. Yaani mimi! Ule niliojirekodi bafuni nikauhifadhi kwenye kompyuta ile ile, kwa jina langu: “Ee Veneranda wa Kidato cha Tatu, nipe japo salamu.” Katikati ndoo inaanguka. Veneranda hata hajui kama nipo duniani. Na mama yake alikuwa amekaa pale pale, kikombe mkononi!

Nikairukia redio nifute. Bibi akaikumbatia. Akatangaza kwamba alikuja Tabora bila mume na anaondoka na wawili: wa zamani anaimba, wa sasa analia kama mbuzi aliyefungwa juani. Tena amefurahi kumjua mke mwenzake. Zablon akashindwa kusimama kwa kicheko.

Nilimsindikiza stesheni nikitazama viatu vyangu. Dirishani mwa behewa Bibi alinishika shavu, akasema asante, mume wangu, leo nimemsikia. Treni ilipoondoka Babu alikuwa anaimba tayari.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya ibada nilimwamkia mama yake Veneranda. Akaitikia marahaba, akauliza hali ya ndoo. Nimekimbia.

Kisha Bibi akapiga simu. Anamsikiliza Babu kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na majirani wanauliza kama yule kijana ana wimbo mwingine.

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: kubana. Ningeacha ubora kamili, nisingesikika kama mbuzi. Kwa hiyo nimeanza albamu nzima, ya ubora kupita hata ule wa Babu. Wimbo wa kwanza peke yake umejaza flashi. Utaondoka na treni ijayo. Redio ya Bibi itajijua yenyewe.