Mwanafunzi Wenu Amenikosesha Kazi ya Ukalimani

Barazani, Kiponda,
Mji Mkongwe, Unguja.

Mheshimiwa Mkuu wa Masomo ya Uzamili ya Tiba kwa Sanaa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai wewe na walimu wenzako hamjambo, na kwamba mvua za masika hazikuwaingilia ofisini kama zilivyotuingilia sisi huku.

Umetuandikia wazee wa baraza la Kiponda ukitutaka maoni kuhusu mwanafunzi wenu, Bi Nasima Mkubwa, aliyeletwa kwetu kwa mazoezi ya kazi, na ukasema maoni hayo yatatiwa katika jalada lake kabla hajapewa shahada. Wenzangu wamenichagua mimi niandike, kwa kuwa nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nikastaafu na kalamu hainitetemi mkononi. Wao wanadhani naandika kumsifu. Sikuona haja ya kuwasahihisha.

Naandika kukuomba, kwa adabu zote, asipewe shahada hiyo.

Ili unielewe, sharti ulijue baraza letu. Wakaaji wake wa kudumu ni watatu. Mimi nakaa katikati. Kulia kwangu hukaa Mzee Jaku, fundi saa. Kushoto hukaa Mzee Tahir, ambaye ujanani alipiga ngoma za kidumbaki katika harusi za nusu ya mji huu. Jaku alimwoa dada yake Tahir, marehemu Bi Kazija, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku Bi Kazija alipofariki, Tahir alikuwa Pemba. Meli ikachelewa, na Jaku akazika bila ya shemeji yake kuwapo. Tangu hapo Tahir hakumsemesha tena, na Jaku, alipoona hasemeshwi, naye akafunga mdomo. Lakini hakuna aliyekubali kuhama baraza. Kwa hiyo mimi nikapata kazi.

"Mwambie huyo kahawa yake inapoa," Jaku husema.

"Kahawa yako inapoa," mimi humwambia Tahir, ambaye amesikia vizuri tu.

"Mwambie naipenda hivyo hivyo."

"Anaipenda hivyo hivyo."

Nimeifanya kazi hiyo kwa uaminifu miaka mingi. Sikuongeza neno wala sikupunguza, isipokuwa matusi, ambayo niliyafikisha kwa lugha ya heshima. Nilikuwa mtu ninayehitajika, Mheshimiwa. Nikiugua mafua, mazungumzo yote ya Kiponda yalisimama.

Ndipo akaja Nasima. Siku ya kwanza alifika na sanduku la rangi, akatuamkia, akajikwaa kizingitini na kumwaga rangi ya buluu juu ya kanzu ya Tahir. Alitaka kulia. Alitueleza kwamba ni muuguzi, amefanya kazi wodini kwa wagonjwa wa akili, na sasa amerudi kusoma uzamili kwa sababu aliona wagonjwa wengi wana dawa lakini hawana mahali pa kuweka yaliyo moyoni.

"Mtu mwenye jambo halazimiki kulisema, mzee wangu," aliniambia. "Anaweza kulichora, au kulipiga ngoma, au kulifinyanga kwa udongo. Mimi nnakaa naye anapofanya."

"Na unamwambia nini?"

"Mara nyingi simwambii kitu."

"Na hilo linasomewa uzamili?"

"Hilo ndilo linalonishinda kuliko yote, Mzee Haroub."

Tulimkubalia. Sikufichi, tulimkubalia kwa sababu paa la baraza lilikuwa linavuja, na yeye alikuwa amepewa chumba kikavu katika nyumba ya jirani. Sasa nakuja kwenye malalamiko yangu, ambayo nimeyapanga kwa nambari kama tulivyozoea mahakamani.

1. Kuhusu michoro. Nasima alitutaka kila mmoja achore nyumba yake na watu wake. Mimi nilichora mlango wangu kwa ustadi, na misumari yake yote ya shaba, na baraza, na mimi nimekaa barazani. Mke wangu, Bi Faiza, akaiona karatasi hiyo nilipoitundika sebuleni.

"Mimi niko wapi hapa, Baba Wanu?"

"Umo ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba. Huonekani kwa sababu ya ukuta."

Aliitazama karatasi, kisha akaenda jikoni akapakua chakula cha mtu mmoja. Tangu siku hiyo nalazimika kurudi nyumbani adhuhuri, kukaa mkekani na kula pamoja naye na kumuuliza habari za asubuhi yake, nami kumbe sikujua kwamba asubuhi za Bi Faiza zina habari nyingi kiasi hicho. Kuna ugomvi mzima wa majirani wa ghorofani ambao umenipita. Chuo chenu kimeniharibia utaratibu.

2. Kuhusu ngoma. Hapa nilidhani tumepona, maana tulimwambia wazi kwamba watu wenye ndevu nyeupe hawapigi ngoma. Akasema sawa, akaziweka tu sakafuni, mbele ya Tahir. Alikaa. Tahir alizitazama ngoma kama mtu aliyeacha sigara anavyoitazama sigara. Mwisho akagonga kwa vidole viwili, polepole. Nasima akaisogeza ngoma ya pili mbele ya Jaku.

Jaku hajui ngoma, lakini maisha yake yote amesikiliza saa, na mkono wake haupotezi wakati. Tahir akapiga, Jaku akajibu. Tahir akageuza mpigo, Jaku akamfuata. Nilimgeukia mmoja, nikamgeukia mwengine, nikisubiri kuambiwa "mwambie". Hakuna aliyeniambia kitu. Watoto wa chuo cha Kurani walisimama dirishani, na Tahir akawa anatabasamu huku akijifanya kwamba anakunja uso. Nilitoka nje nikasingizia kwamba nimeitwa.

3. Lalamiko hili nilitaka liwe fupi, lakini ndilo lililonitoa kazini, kwa hiyo nivumilie.

Siku hiyo Nasima alileta udongo wa mfinyanzi na msimamizi wake, mwalimu wenu, bibi mmoja mpole aliyekaa kona na kutazama. Nasima alikuwa na hofu, nilimwona akipangusa viganja kwenye buibui. Akatwambia tufinyange chochote ambacho mikono yetu inakikumbuka.

Tahir alitengeneza kikombe. Mimi sikutengeneza kitu, nilikuwa nawatazama wao. Jaku alifinyanga muda mrefu, ameinama kama alivyokuwa akiinamia saa za watu. Alipomaliza, juu ya ubao palikuwa na jeneza dogo, na watu wadogo wa udongo wamelibeba. Pembe tatu za jeneza zilikuwa na wabebaji. Pembe ya nne haikuwa na mtu.

Tahir aliacha kikombe chake.

Mimi nikakohoa kuandaa koo, maana nilijua hapa sasa pana kazi kubwa. Jaku akainua uso, akamtazama Tahir moja kwa moja, kupita mbele ya pua yangu.

"Hapa palikuwa pako," alisema. "Kila mtu aliyetaka kupokea pembe hii nilimkatalia. Niliishika mimi njia nzima, mpaka bega likachubuka."

Nilifungua mdomo kutafsiri. Nasima akaniwekea mkono begani, akatikisa kichwa.

Tahir akauliza, "Ulinisubiri?"

"Nilikusubiri mpaka watu wakaanza kunisema. Wakaniambia maiti hawekwi."

"Meli ilifika magharibi."

"Najua. Nilikuwako bandarini."

"Hukuwako. Nilikutafuta kwa macho."

"Nilikuwako. Nilitoka makaburini na udongo miguuni, nikaja nikupokee. Nikakuona unashuka na kanga ya Kazija umeikunja kwapani, ile aliyokuagiza. Nilishindwa kukukabili, Tahir. Nikarudi kwa uchochoro."

Mheshimiwa, maneno hayo Tahir alikuwa hajawahi kuyasikia, kwa sababu hayakuwahi kupita kwangu. Mimi nilipitisha kahawa, na mpira, na bei ya samaki. Nilikuwa katikati yao siku zote hizo, na neno hilo moja halikunifikia.

Tahir alilia, na Jaku akalia, na mwanafunzi wenu, mtu wa shahada ya uzamili, hakusema hata "poleni". Alikaa. Machozi yalimtoka naye, akayafuta kwa mkono wenye udongo. Baadaye nilimwendea nikamuuliza mbona alinizuia, na mbona yeye mwenyewe alinyamaza wakati wazee wanamlilia mbele ya macho.

"Ile haikuwa zamu yako, Mzee Haroub," alisema kwa upole. "Wala haikuwa yangu. Ningelisema kitu, wangelinijibu mimi."

Msimamizi wake aliandika jambo kwenye karatasi. Sijui aliandika nini, lakini ninakuomba ulifute.

4. Kuhusu hali ya sasa. Baraza limekufa. Jaku na Tahir wanazungumza. Wanaanza alfajiri wakitoka msikitini na hawamalizi. Wamekwenda pamoja makaburini Mwanakwerekwe kumzuru Bi Kazija, na hawakuniambia mpaka waliporudi. Jaku amehamia upande wa Tahir ili wasikilizane vizuri, kwa hiyo mimi sasa nakaa pembeni, kwenye jiwe lenye ufa, na mara nyingine huniomba nisogee kidogo. Juzi nilisema kwa sauti, "Tahir, kahawa yako inapoa," nikitaka tu kuonekana. Wote wawili walinitazama kwa huruma. Jaku akaniambia, "Haroub, nshamwambia."

5. Kuhusu hatari kwa nchi. Hebu fikiria, Mheshimiwa, mkisomesha watu kama Nasima kila mwaka na kuwatawanya mjini na mashamba. Ndugu watazungumza. Wake watachorwa ndani ya michoro. Masheha watakosa mashauri, mahakimu watakaa bure wakisinzia, na wakalimani, ambao hawajawahi kumdhuru mtu, watarudi makwao kuwauliza wake zao habari za asubuhi. Muuza kahawa wetu ameshalalamika. Anasema wagomvi hunywa zaidi, kwa sababu hawana kazi nyengine ya kuipa midomo.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu. Nasima asifaulu. Udongo wa mfinyanzi upigwe marufuku katika mtaala wenu, wanafunzi wabakishiwe kalamu za rangi. Na mimi binafsi nilipwe fidia, si ya fedha: chuo kinitafutie watu wawili waliogombana, wenye afya nzuri, ambao wako tayari kuhamia Kiponda na hawana nia ya kupatana.

Nisalimie walimu wote wa idara, hasa yule bibi mpole wa kona. Wasalimie makatibu, walinzi wa lango, na wanafunzi wengine wa uzamili, ambao nawaombea mitihani migumu. Jaku na Tahir nao wanakusalimu, kwa pamoja, kwa sentensi moja, kama ilivyo desturi yao siku hizi.

Mimi aliye mtiifu kwako na asiye na kazi,

Haroub wa Kiponda

Tanbihi. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Nasima alipokuja kutuaga. Anasema mazoezi yake yamekwisha na mwezi ujao mnampeleka Kizimkazi. Nimeikunjua tena. Wino umekauka na sipendi kuchafua karatasi, kwa hiyo yaliyoandikwa hapo juu naomba uyahesabu kuwa ni maoni ya mzee mwengine, mchungu kidogo, asiyejua anachosema. Afaulishwe, tena kwa daraja la juu, na aachwe hapa hapa.

Ninalo na jambo ambalo sikukueleza. Ninaye kaka, Mahfoudh, anakaa Fumba. Hatusemeshani. Nimempigia simu leo asubuhi, mara ya kwanza tangu tulipokosana, na nimemwambia kuna mwanafunzi hapa ana udongo. Yeye hakuipokea, aliipokea mkewe. Nilisikia sauti ya Mahfoudh nyuma yake, nzima kabisa, sauti ya marehemu baba yetu, lakini ilibidi nisubiri shemeji aniletee maneno yake. Sikujua kwamba kusubiri huko kunauma hivyo. "Anasema atakuja Jumanne," shemeji aliniambia, "lakini haji kwa ajili yako, anakuja kuuangalia huo udongo." Kwa hiyo tafadhali, Mheshimiwa, Nasima asiondoke kabla ya Jumanne, wala baada yake.