Asilimia Mia ya Chuo Chetu

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Mpendwa Bathsheba,

Matokeo ya mtihani wa ualimu yametoka. Aibu! Wanafunzi wetu kumi na wanane walifanya, watano wamefaulu. Chuo cha mdogo wako Dishon kule Migori: ishirini na wawili kati ya ishirini na wanne. Ishirini na wawili! Mtu ambaye wewe ndiye uliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Jedidah, mwalimu pekee niliyebaki naye, anasema kosa ni letu, tumefundisha sayansi kwa silabasi ya zamani. Nikamwambia majani ya hapa Magunga hayajabadilika.

Kuna barua pia. Mkaguzi Monari anakuja Jumanne ijayo kupima vyuo. Chuo ambacho zaidi ya nusu wameanguka kitafungwa. Chuo chetu, Bathsheba! Jikoni kwako ndiko maktaba sasa. Vitabu bado vinanuka dagaa wako wa omena.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata dawa. Waliofaulu siwezi kuwaongeza. Walioanguka naweza kuwapunguza. Nimeandika barua kumi na tatu za uhamisho, tarehe ya Mei, muhuri juu: hawa walihamia kwa Dishon kabla ya mtihani. Wanabaki watano kati ya watano. Asilimia mia!

Jedidah akauliza mbona walifanyia mtihani hapa. Nikasema walikuwa wageni. Yeye ni Msabato. Alisema hatatia sahihi hata nimpe ng'ombe. Nikatia mwenyewe.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikukuu ya taifa, lakini raha sina. Niliwapa wale kumi na watatu, waliobaki bwenini wakingoja kurudia mtihani, barua zao ili wajue la kujibu wakiulizwa. Sikuwaambia waende! Asubuhi nimekuta bweni tupu. Wamebeba masanduku, magodoro, hata ndoo. Wako Migori.

Dishon amemtuma karani wake na salamu: shemeji, asante kwa zawadi, na ukiwa na wengine usione haya.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda Migori kuwarudisha kimyakimya. Nimewakuta wanachungulia jani kwenye hadubini, kwa zamu, kama watu wanaotazama harusi dirishani. Yule Elkana uliyezoea kumwekea uji aliniambia, kwa adabu sana, kwamba ameelewa sayansi zaidi siku mbili hizi kuliko miaka miwili kwangu. Pole, mwalimu, akaongeza.

Dishon akanipa soda. Akasema atawaachilia wote hata leo, shemeji, mradi niandike kwamba barua zile zilikuwa za uongo.

Nilimaliza soda nikarudi.

Jumanne, 15 Oktoba

Monari amekuja. Alisoma karatasi mara mbili. Asilimia mia! Alinipa mkono. Alisema Homa Bay nzima hajaona kitu kama hiki.

Kisha akaomba kuona somo likifundishwa.

Waliofaulu wameshakwenda kwao. Walioanguka ni wa Dishon. Wapya hawajaomba, baada ya matokeo yale nani aombe? Jedidah akafundisha madawati matupu. Alifundisha vizuri, lazima niseme. Hata aliuliza kama kuna swali.

Monari akasema sasa ameelewa: chuo changu hakiangushi mtu kwa sababu hakina mtu. Amenipa mpaka Ijumaa. Atarudi kuita majina. Wanafunzi kumi, la sivyo anafunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Jumatano, 16 Oktoba

Jedidah anasema njia ni moja tu. Nikiri kwa Dishon, vijana warudi, tununue silabasi mpya. Mwanamke mwema, lakini ubunifu hana.

Nimefungua rejista mpya. Namba moja Jedidah (hajui). Namba mbili mimi mwenyewe. Nyangi muuza omena amekubali, ila mpaka saa nne tu, sokoni kuna wateja. Mlinzi na mkewe. Mpishi. Waashi watatu wanaojenga kanisa, ambao wameuliza kama watapewa chai.

Tisa. Namba kumi ilinisumbua siku nzima. Mwishowe nimekuandika wewe, kwa jina lako la shule, kama lilivyo kwenye cheti chako.

Monari akiliita, nitasema umetoka kidogo.

Nikumbuke huko mbinguni uliko.