Ng'ombe Aliyebadilika Maana

Jumatatu, 9 Juni 2025

Jumamosi tunakwenda Kasokola kumposea Arcade, mtoto wa marehemu kaka yangu, mchumba wake Aurélie. Kwenye kikao cha ukoo mwezi wa kwanza nilisimama nikatangaza kuwa ng'ombe wa mahari natoa mimi, baba yake mdogo. Makofi. Nilikuwa nimekunywa. Sasa ng'ombe ana mimba, na ni huyohuyo mmoja. Simtoi. Kumwambia Arcade nashindwa, kijana ameshakonda kwa mapenzi.

Jumatano, 11 Juni

Nimepona! Binti yangu Hana, anayesomea ualimu wa Kiingereza, kanifumbua macho. Kumbe maneno ya Waingereza hayatulii. Neno lao la nyama zamani lilikuwa chakula chochote, hata ugali. Neno lao la msichana lilikuwa mtoto yeyote, hata wa kiume. Naisi, neno ambalo vijana husifia nalo kila kitu, lilikuwa jina la mpumbavu. Na kompyuta alikuwa mtu mzima na miguu yake, kazi yake kupiga hesabu.

Basi kama Kiingereza chenyewe kinageuka, ng'ombe wa Januari ni nani asigeuke? Kufika Juni anaweza kabisa kuwa mbuzi. Nimemweleza mke wangu Scola. Akauliza Waingereza wanahusikaje na zizi letu. Upeo mdogo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata mbuzi mnadani. Mbavu zinaonekana, lakini mchangamfu. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele yake, akasikiliza hadi mwisho.

Msemaji wa upande wa binti ni Ladislas. Yuleyule aliyenipokonya uenyekiti wa kwaya. Kiingereza hajui. Nitamfundisha mbele za watu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimechoka, naandika kwa kifupi.

Tulipokelewa vizuri, pombe ya mtama ikawekwa kati. Nikasimama na fimbo yangu. Nikaeleza nyama, msichana, naisi, kompyuta. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, nadhani. Nikamalizia kwa kumleta mbuzi na kusema huyu ndiye ng'ombe, kwa maana ya sasa.

Arcade aliangalia viatu vyake.

Ladislas hakukasirika, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Alinishukuru kwa elimu. Akaita bibi harusi. Akatoka mtu kajifunika kitenge, anatembea taratibu, anakohoa. Kwa desturi yetu hutangulizwa bibi wa uongo kwa utani. Mnacheka, mnamkataa, analetwa wa kweli. Kitenge kikafunuliwa: shangazi wa binti, Médiatrice, mjane, hana meno ya mbele. Tukacheka, tukamkataa.

Ladislas hakucheka. Akasema Aurélie wa Januari alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, lakini maneno yanageuka, na huyu ndiye Aurélie kwa maana ya sasa. Wazee wa kwao wakaunga mkono. Médiatrice akakaa karibu na Arcade na kumshika mkono.

Nikajaribu kueleza kuwa kanuni hii inahusu mifugo tu. Hakuna aliyenisikiliza. Arcade akaniita baba, akaniomba nisimharibie maisha. Niliumia kweli. Nikatuma watu Magamba, nyumbani kwangu. Jioni ng'ombe wangu akafika, tumbo mbele, na Aurélie wa kweli akatoka.

Nikaomba mbuzi wangu. Ladislas akajibu kwa upole kwamba nimeshamthibitisha kuwa ng'ombe, na ng'ombe wa mahari harudi. Wamewafunga kamba zizi moja.

Jumatatu, 16 Juni

Zizi tupu. Scola hasemi nami. Arcade kapiga simu, anacheka hovyo kwa furaha; harusi mwezi wa nane. Nimemwambia siku zote nilikuwa upande wake.

Kosa langu nimeliona. Nilichagua neno baya. Viumbe hai wana kelele.

Nimempigia Hana anitafutie lingine. Amenisihi niache. Nimesisitiza. Ametaja eka: kwa Waingereza wa kale, eka ilikuwa shamba lolote, dogo au kubwa, bila kipimo.

Pale bondeni nimekodi bustani ya nyanya, eka moja. Mwenye bonde ni Ladislas. Kesho alfajiri naanza kulima, na sisimami mpaka nifike mtoni.